Matawi Tuliyomwekea Chaki

Benchi letu liko pale kona, kati ya karakana ya seremala na kibanda changu cha kushona viatu. Ni ubao mmoja mrefu juu ya matofali, umekaliwa hadi umeng'aa katikati. Kila asubuhi tunakuwa wanne: Randa, ambaye ndiye seremala mwenyewe, Geti, mlinzi wa zile ofisi za mtaa wa juu, akitoka zamu, Redio, fundi wa simu na redio, aliyepewa jina hilo kwa kuwa yeye mwenyewe hazimiki, na mimi, Soli, mshona viatu. Kahawa hutupikia Dada. Hatuna jina lingine la kumwita, na kwa hiyo mumewe ni Shemeji wa benchi zima. Asubuhi ninayoisimulia Dada hakuwepo. Alikuwa na siku ya tisa hospitali, ametolewa uvimbe tumboni, na kahawa alikuwa anapika Shemeji, chungu kupita kiasi kwa sababu mawazo yake hayakuwa jikoni. Chini ya benchi, ndani ya boksi la viatu nililolitoa mimi, alikuwa amelala sungura wao, Chaki. Alikuwa amekufa.

Huyo hakuwa sungura wa mboga. Aliletewa binti yao akiwa na miaka sita, na binti ndiye aliyempa jina, kwa weupe wake. Ndiye pia aliyemchana sikio la kushoto siku moja alipofunga mlango bila kuangalia, akalia juma zima. Mwaka jana homa ilimchukua mtoto yule kwa siku nne tu. Tangu hapo, kabla hajawasha jiko, Dada humfungulia Chaki kwanza, hukaa naye chini pale uani, na huongea naye mambo ambayo sisi tuna adabu ya kutosogea kuyasikia. Siku ya kwenda kupasuliwa alisimama mbele ya benchi na kibegi chake, akasema: "Nawaachia huyu. Mume wangu mnamjua, ni msahaulifu. Nikirudi nimkute." Tuliitikia wote kwa sauti moja. Sasa siku ya kurudi ilikuwa ndiyo hiyo ya kifo cha Chaki: saa nane mchana Shemeji alikuwa aende kumchukua mkewe.

Randa: Ni joto. Mimi nasema ni joto. Bati lile linachoma.

Geti: Joto gani? Juzi mvua, jana mawingu kutwa.

Randa: Kuna joto la ndani kwa ndani. Halionekani. Linakaa kwenye bati, linangoja.

Geti: Linangoja nini?

Randa: Linamngoja sungura, Geti. Ulitaka lingoje nani?

Siku nyingine tungecheka. Shemeji alikuwa anamimina kahawa, nusu ikamwagikia kwenye sahani.

Shemeji: Mke wangu nikamwambie nini?

Alikuwa ameliuliza hilo tangu saa kumi na mbili alfajiri, alipofungua kizimba akamkuta amelala ubavu. Kila alipouliza, mmoja wetu alianzisha maelezo mapya.

Redio: Taratibu, Shemeji. Huwezi kumwambia mtu kitu kabla hujajua chanzo. Kwanza chanzo. Na mimi chanzo nakiona kile pale.

Alinyoosha kidole juu ya mapaa.

Geti: Nini, kunguru?

Redio: Mnara. Mnara wa simu. Hebu jiulize, sungura ana masikio ya namna gani?

Mimi: Marefu.

Redio: Marefu! Na redio ili ishike mawimbi inahitaji nini? Sasa basi. Kile kichwa kilikuwa kinapokea simu za mtaa mzima. Mchana kutwa watu wanatukanana, wanatongozana, wanadanganyana eti wako njiani. Moyo mdogo kama ule ungehimili vipi?

Geti: Mnara una miaka mitano pale.

Redio: Wameongeza nguvu. Wiki hii.

Mimi: Nani kakuambia?

Redio: Nasikia kwenye meno.

Ngoja nieleze kwa nini Redio alihitaji mnara. Jumapili iliyopita alikuja na simu yake, akatuonyesha video ya mama mmoja mwenye sauti ya upole, anafundisha namna ya kupamba vizimba vya wanyama wa nyumbani. Msiwawekee plastiki, alisema yule mama. Wawekeeni mti wenyewe: tawi la kupanda, gogo lenye tundu la kujifichia, gome la kutafuna, maana meno yao hayaachi kukua. Vichwa vinne juu ya simu moja, tukaona aibu. Kizimba cha Chaki kilikuwa na bakuli na tambara, basi. Tukasema Dada akirudi akute jumba. Yule mama akaendelea: "Sasa, kabla hujakata tawi lolote, nisikilize vizuri sana, kuna miti ambayo..." na hapo bando la Redio likaisha. Tukamtazama. Akasema hayo yaliyobaki ni maelezo tu. Hakuna aliyembishia, kwa sababu Randa alikuwa ameshanyanyuka kwenda kutafuta msumeno.

Geti: Mimi mnara siuamini. Huyu kapata mshtuko. Sungura akishtuka moyo unapasuka. Nimeona kwa macho yangu.

Randa: Umeona wapi?

Geti: Kazini. Sungura wa bosi. Gari lilipiga honi, akaanguka pale pale.

Randa: Bosi wako hajawahi kufuga hata kuku.

Geti: Alifuga kabla hujamjua.

Randa: Nimemjua kabla yako, ile milango yake yote nimeitengeneza mimi! Na ukitaka tuseme kweli, humu ndani kuna jicho. Mtu ameangalia kile kizimba kilivyopendeza, roho ikamuuma. Yule wa nyumba ya bluu. Jumanne alisimama pale ukutani, akatazama, akasema, "Mmefanya kazi nzuri." Mtu mwenye nia njema hasemi hivyo.

Mimi: Anasemaje?

Randa: Anapita zake.

Randa alikuwa anaongea huku anasugua vidole vyake kwenye suruali, na mimi nilijua anachosugua. Randa ana jambo moja analojivunia kuliko watoto wake. Miaka ishirini na miwili, mti wowote ukipita mikononi mwake haumtoki bila dawa ya mchwa. Kiti, kitanda, fremu ya picha, hata kijiko cha mti alichomchongea mama mkwe wake, vyote vilipigwa dawa mara mbili na kuanikwa juani. Gogo la mpera alilomletea Chaki alilitoboa vizuri, akalisugua msasa asije akajichoma, na kisha mkono wake ukafanya ulichozoea. Sidhani hata aliuona unafanya. Sisi tuliuona. Tulikuwa tumesimama karibu, harufu imetupanda puani, na tukamsifu.

Geti akazungusha kikombe mkononi. Halafu akainamisha kichwa, akashusha sauti, tukajua anakuja na kubwa.

Geti: Mimi nitasema, na mnisamehe. Huyu hakufa kwa joto wala kwa jicho. Ameitwa.

Redio: Ameitwa na nani?

Geti: Na mwenyewe. Mwenye sungura wake. Mama yuko mbali, nyumba iko kimya, mtoto akapata nafasi. Akamwita, naye akaenda.

Nilihisi baridi mgongoni, na si kwa kuogopa. Ilikuwa aibu. Shemeji aliweka birika chini polepole sana.

Redio: Geti, nyamaza.

Redio kumwambia mtu anyamaze, hilo sikuwahi kulisikia.

Shemeji: Mwanangu hakuwa mchoyo. Asingemchukua akamwacha mama yake mikono mitupu.

Alisema hivyo tu, akaingia uani. Tukabaki tunatazama barabara. Mtu mmoja akapita, akaniuliza kama viatu vyake viko tayari, nikamwambia kesho, ingawa vilikuwa pale nyuma yangu vimeshapigwa rangi.

Shemeji aliporudi alikuwa amekumbatia miti yote ya kwenye kizimba. Akaiweka juu ya benchi katikati yetu, tukasogea pande zote mbili kuipisha. Gogo la mpera. Na tawi la Geti, lile refu lenye magome laini, alilolikata kwenye uzio wa maua wa kule ofisini.

Shemeji: Nionyesheni.

Randa: Tukuonyeshe nini, shemeji yangu?

Shemeji: Meno yake. Ninyi ni mafundi. Angalieni mniambie.

Tukaangalia. Kwenye gogo, kuzunguka tundu lote, meno. Kwenye tawi la uzio, gome limechunwa urefu wa kiganja, mti mweupe unaonekana. Alikuwa amefurahi, masikini. Jumanne ile ile tulisimama kwenye wavu tukamshangilia, kila mmoja akimvutia upande wake: "Njoo huku, Chaki, onja hili!" Alikuwa na adabu, akaonja yote.

Randa: Mimi naona huku kwenye uzio ndiko alikotafuna zaidi.

Geti: Unapimaje? Huko kwako kazunguka tundu zima!

Randa: Mpera ni mti wa matunda. Watoto wanapanda, wanakula, umesikia nani kafa?

Geti: Watoto hawaukuti umepakwa dawa!

Neno hilo lilitoka, na halikuweza kurudi. Randa alisimama.

Randa: Na huo uzio wako? Hebu waambie ulichotuambia Jumanne. Waambie habari za mbuzi.

Geti: Mbuzi gani?

Randa: Ulijisifu hapa hapa. Ulisema mbuzi wa mtaa wa juu wanakula makatoni, wanakula mifuko, wanakula hata mkeka wa msikitini, lakini uzio wako hawagusi. Eti ndiyo maana ni mnene na maua yake hayaishi. Mbuzi, Geti! Mbuzi anajua, wewe hujui?

Geti: Nilidhani wana heshima.

Alisema kwa sauti ndogo, kwa dhati kabisa. Alidhani mbuzi wanaheshimu ofisi. Akafunika uso kwa kofia yake ya kazi.

Shemeji hakumwangalia Geti wala Randa. Alikuwa amenyanyua gogo, anaangalia pale lilipoungana na kipande cha chini ili lisiyumbe. Pale pia palitafunwa. Kulikuwa na utando wa rangi ya asali, umemeguka, na alama ndogo mbili za meno.

Shemeji: Na hii ni nini?

Tangu asubuhi nilikuwa nauliza wenzangu maswali, nani kakuambia, anasemaje, kama hakimu. Nilifanya hivyo nisije nikaulizwa mimi.

Mimi: Gundi.

Shemeji: Gundi ya nini?

Mimi: Ya viatu. Ya soli. Nilitaka lisimwangukie.

Alilirudisha gogo juu ya benchi, akajifuta mikono. Afadhali angenipiga. Nilimjua mtoto yule. Viatu vyake vya kwanza vya shule nilivipunguza mimi, vilikuwa vikubwa. Nikamwekea sungura wake gundi ambayo mimi mwenyewe nikiitumia hufungua madirisha yote mawili ya kibanda.

Ilikuwa imefika saa nne na ushei. Jua lilishapanda ukutani, na boksi lile halikuweza kukaa hapo mchana kutwa. Redio akajikohoza.

Redio: Sikilizeni. Sokoni wapo sungura weupe. Wapo wengi. Nikiondoka sasa hivi, saa sita nimerudi.

Geti: Na sikio?

Randa aligeuka akatazama karakana yake.

Randa: Nina patasi. Imenolewa jana. Hatasikia.

Geti: Atasikia.

Randa: Kidogo tu. Mara moja, kisha imekwisha.

Nilitaka kukataa, na nadhani msomaji angependa kusikia kwamba nilikataa. Kweli ni kwamba nilikuwa nawaza kidonda kibichi kitachukua siku ngapi kufanana na cha zamani, na kwamba uzi wangu mwembamba unaweza kusaidia. Tulikuwa watu wazima wanne tunapanga kumkata sikio mnyama tusiyemjua ili tusitazamwe usoni na mwanamke mgonjwa.

Shemeji: Atajua.

Redio: Atajuaje? Mweupe ni mweupe.

Shemeji: Alikuwa anamnusa. Kila asubuhi, hapa kichwani, katikati ya masikio. Mtoto alizoea kumkumbatia akitoka kuoga, amejipaka mafuta yake. Mama yake anasema harufu bado ipo.

Redio: Mwaka mzima?

Shemeji: Mimi siisikii. Yeye anaisikia.

Basi habari ya soko ikafa hapo. Randa akaketi. Nikajikaza.

Mimi: Tumwambie kweli.

Randa: Kweli ipi?

Randa alitaka kweli ya uzio. Geti alitaka kweli ya dawa. Mimi, Mungu anisamehe, nilitamani iwe yoyote kati ya hizo mbili. Redio alikuwa ametoa simu, anaipapasa na kidole. Niliona yule mama wa video ametokea, mdomo wazi, amesimama pale pale alipokatikia. Redio akaizima akairudisha mfukoni. Hata sasa hakutaka kusikia.

Hapo ndipo teksi iliposimama ng'ambo ya barabara.

Mlango wa nyuma ulichukua muda kufunguka. Kwanza ulitoka mguu wenye ndala, kisha kibegi, kisha Dada mwenyewe, amepungua, mkono mmoja tumboni anashikilia mshono. Shemeji alisimama ghafla, birika likapinduka. Mimi nililisukuma boksi kwa kisigino, ndani zaidi, hadi likagonga matofali.

Shemeji: Si walisema saa nane?

Dada: Kitanda kimehitajika na mwingine. Nikaona nisikusumbue. Mbona mmekaa hivyo? Kama mko kituo cha polisi.

Alivuka taratibu, anatucheka kidogo, akisimama kila baada ya hatua tatu. Tukampisha benchi lote, yeye akakaa katikati, pale panapong'aa. Visigino vyake vilikuwa shibiri moja kutoka kwenye boksi.

Randa: Karibu, Dada. Pole sana. Pole kwa yote.

Dada: Nimeshapoa. Wamesema nisibebe kitu kizito mwezi mzima, nikawauliza, sungura ni mzito? Wakacheka. Na hii miti?

Akalichukua mwenyewe gogo la mpera, akalilaza mapajani.

Redio: Tulikuwa... tulitengeneza kizimba. Kipendeze. Ukirudi ukute.

Dada: Ninyi?

Akatutazama mmoja mmoja, na macho yake yakajaa maji. Nimekaa kwenye benchi lile miaka tisa na sijawahi kutazamwa kwa shukrani kiasi kile. Akapitisha kidole kuzunguka tundu, juu ya alama za meno.

Dada: Ameipenda, eh? Tazama alivyoitafuna. Hajawahi kupenda kitu hivi tangu... Mungu awabariki, jamani. Sikujua mnamjali namna hii.

Shemeji alikuwa amesimama na birika tupu, hajui aliweke wapi. Kahawa yote ilikuwa inanyweka mchangani. Dada aliweka gogo pembeni, akafungua kibegi, akachakura chini ya kanga, akatoa karatasi ya msalani iliyokunjwa vizuri. Akaifungua juu ya goti lake. Ndani yake kulikuwa na vipande vya karoti, vyembamba, vimeanza kunyauka pembeni.

Dada: Mchana walikuwa wanatupatia karoti kwenye chakula. Mimi nilikuwa nakula cha kwangu, hizi namwekea. Za mwanzo zilioza nikazitupa. Hizi ni za jana na juzi.

Akazipanga kwa kidole, zile ndefu upande mmoja. Kisha akamgeukia mumewe, akatugeukia sisi.

Dada: Sitaki nimzidishie. Leo amekula nini?

Randa aliangalia vidole vyake. Geti aliangalia ndani ya kofia yake. Redio, ambaye hazimiki, alizimika. Mimi niliangalia vile vipande vya karoti, kwa kuwa sikuweza kuangalia juu yake wala chini yake.

Dada: Jamani, si nauliza tu. Amekula nini?